Kuchagua Korneti ya Kupigia Katika Brasi Bendi

Ndugu wanamuziki na waheshimiwa walimu wa bendi,

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa korneti, ala ya shaba ya kupuliza iliyo jamaa ya tarumbeta, kwa ajili ya brasi bendi, yaani bendi ya ala za shaba, nami napenda kuanza na jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: ala inayompendeza mpigaji akiwa peke yake dukani huenda isifae kabisa akishaketi katikati ya wenzake. Brasi bendi ya mtindo wa Uingereza huwa na korneti 10: moja ndogo ya soprano, yaani yenye sauti ya juu zaidi, iliyo katika toni ya E-flati, na 9 za B-flati, yaani 4 za solo, moja ya repiano (inayozisaidia zile za solo), 2 za sauti ya pili na 2 za sauti ya tatu. Hizo 9 zinapopigwa pamoja, msikilizaji anatarajia sauti moja nene na laini, na korneti moja yenye ukali huichana sauti hiyo hata ikiwa mikononi mwa fundi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama ala itakubali kuungana na nyingine, na swali la kama itasikika kuliko nyingine lingoje.

Korneti na tarumbeta za B-flati zina bomba lenye urefu unaokaribia meta 1.4, na vidole hubonyeza vali, yaani vile vitufe vitatu vinavyobadili njia ya hewa, kwa namna ile ile. Hata hivyo, bomba la tarumbeta hubaki na upana ule ule kwa sehemu kubwa, ilhali la korneti huendelea kupanuka polepole, tena limekunjwa zaidi, ndiyo maana korneti huonekana fupi. Zipo korneti ndefu zilizobuniwa zikaribie tarumbeta kwa umbo na sauti. Zina mahali pake, lakini kwa bendi sizipendekezi. Tafuteni ile fupi ambayo bomba lake linalotoka kwenye vali kwenda kwenye mdomo mpana wa kutolea sauti limepinda kama mpini wa bakora. Mpindo wenyewe hauleti sauti nzuri. Ni dalili tu kwamba aliyeitengeneza alikuwa na bendi akilini.

Wauzaji hupenda kutaja kipenyo cha ndani, ambacho kwa korneti nyingi za bendi huwa karibu na milimita 11.7. Msikitegemee mno. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye vali, na hakisemi lolote kuhusu namna bomba linavyopanuka kabla na baada ya hapo. Jina la kampuni nalo halitoshi, kwa kuwa hata korneti mbili za modeli moja za Besson au Yamaha zinaweza kutofautiana kidogo. Heri kujaribu ile ile mtakayoondoka nayo.

Kipulizio, yaani kile kipande kidogo kinachowekwa mdomoni, ndicho ninachotaka tukitazame kwa makini zaidi. Kipulizio cha korneti ya bendi huwa na kina kirefu chenye umbo la faneli, na shina lake ni jembamba kuliko la kipulizio cha tarumbeta, ambacho kwa kawaida kina bakuli fupi la mviringo. Mpigaji aliyetoka kwenye tarumbeta mara nyingi hulazimisha kipulizio chake cha zamani kwa kutumia kiungo cha kuongezea, kisha akalalamika kwamba korneti ina sauti kali na haiko sawa. Abadili kipulizio kwanza. Vile vya Denis Wick, ambaye alikuwa mpiga tromboni wa London Symphony Orchestra, vimeenea sana katika bendi, na kile cha modeli ya 4B ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mkienda kujaribu, chukueni kipulizio mlichokizoea na kipima toni, yaani kifaa kinachoonyesha kama noti iko juu au chini. Pigeni noti ndefu kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu kila ala hujisitiri inapopigwa kwa nguvu. Mwenzenu asimame mbali na kusikiliza bila kujua ni ipi inayopigwa. Kisha jaribuni D ya chini, inayobonyezwa vali ya kwanza na ya tatu, na C-shapu inayotumia zote tatu: noti hizi hupanda juu kwa maumbile ya vali zenyewe, hivyo kibomba cha vali ya tatu lazima kivutike upesi ili kuzishusha, kwa pete au kwa kifyatulio, bila kuubana mkono.

Kwa ala iliyokwisha kutumika, vuteni kibomba cha vali bila kuibonyeza. Kikitoka kwa mlio mkavu, vali bado inabana hewa. Madoa mekundu kwenye bomba la kuingizia pumzi huonyesha kwamba zinki imeanza kutoka ndani ya shaba, na ugonjwa huo hausafishiki. Jihadharini pia na korneti kongwe za Uingereza, kwani hadi miaka ya 1960 bendi nyingi za huko zilipiga katika toni ya juu, A ikiwa karibu na hezi 452. Kuvuta kibomba kikuu, kile cha kurekebishia toni ya ala nzima, hakutoshi kuiponya ala kama hiyo, maana vibomba vya vali navyo vilikatwa vifupi kwa uwiano huo. Ikiwa imeshapata joto na bado A yake inapita hezi 440, kipimo cha kawaida cha leo, huku kibomba kikuu kimevutwa sana, mrudishieni mwenyewe.