Udongo wa Mikindani na mayai mawili

ISSA: Karibuni tena wasikilizaji, mkisikia upepo mtusamehe, leo tupo ufukweni Mikindani na dada Somoe kashanitumbukiza kwenye tope.

SOMOE: We si ulisema panabeba?

ISSA: Palibeba! Hatua ya kwanza freshi, nikasimama nakusubiri huku nachezesha mguu, mara nipo gotini na ndala imebaki huko huko.

SOMOE: Na hakuna aliyeongeza maji hapo, maji ni yale yale, we umeuvuruga tu. Udongo mfinyanzi ukijilaza wenyewe miaka na miaka chembe zake zinaegemeana kama karata, ukizitikisa zinalala na maji ya katikati ndo yanabaki kubeba mzigo.

ISSA: Kwa hiyo una nguvu mbili?

SOMOE: Eeh, ya kabla na ya baada. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Mwingi unakuta 2 mpaka 4, ila kuna ule wa Norwei unapita 30. Ule ulijilaza baharini, barafu ilipoyeyuka nchi ikainuka, maji ya mvua yakaosha chumvi taratiiibu, na chumvi ndo ilikuwa inashikilia. Pale Rissa, huko huko Norwei, Aprili 1978, mkulima anapanua banda, kachimba udongo akaurundika kando ya ziwa, basi, mashamba na nyumba zikaondoka zinaelea, video ipo.

ISSA: Mungu wangu. Sasa modeli, yaani zile hesabu za kompyuta za kukadiria udongo utabebaje, inalijuaje hilo?

SOMOE: Chukulia yai lililochorwa kwenye grafu, ganda lake ndo mpaka wa mzigo. Mzigo ukiwa ndani ya yai udongo unabonyea kidogo unarudi, ukigusa ganda haurudi tena. Udongo uliovurugwa una yai dogo, ambao haujaguswa una kubwa nje yake, tofauti ni ule mshikamano. Modeli inasema kila ukibonyea usirudi, yai la nje linasinyaa kidogo, mpaka yanalingana.

ISSA: Na linasinyaa kwa spidi gani?

SOMOE: Hapo ndo ugomvi, hiyo namba unaitoa kwenye sampo, kipande cha udongo kinachopelekwa kupimwa, na sampo zenyewe mimi nishawahi kuzipokea zimesafiri kwenye keria ya pikipiki, makorongo yote yale! Yai kubwa limeishia njiani, we unapima dogo unadhani ndo udongo wa pale. Afadhali uchome kile chuma cha mabawa manne hapo hapo shimoni, ukizungushe mpaka udongo ukatike, uandike, kisha ukizungushe mizunguko kumi ya haraka, upime tena.

ISSA: Bibi yangu Newala akishakanda udongo wa vyungu anaufunika gunia, anasema uache upumzike, kesho unakuta umekaza.

SOMOE: Bibi anajua! Modeli nyingi hazina hiyo, kwao ukishavuruga umevuruga.

ISSA: Basi na hili tope lipumzike, kesho nafuata ndala.

SOMOE: Likipumzika ndo litaikaba vizuri. Chimba sasa hivi.