Baridi ya Kipupwe na Jiko Linaloingizwa Chumbani

Kamwene! Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliovaa makoti mawili mawili, shikamooni na poleni na baridi.

Nimeombwa nizungumzie hali mbaya ya hewa ya msimu wa kipupwe na namna ya kuzipokea tahadhari zake. Niseme mapema ninakoelekea. Huku kwetu Njombe, Makete na Mufindi, baridi yenyewe siiogopi kama ninavyoogopa yale tunayoyafanya usiku ili kuikimbia. Tahadhari inayotaja nyuzi joto halafu ikanyamaza kuhusu mkaa, kwangu mimi imeishia njiani.

Baridi hii haijatoka hapa. Kuanzia Juni hadi Agosti, mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kwenye Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, unaimarika na kutusukumia upepo wa kusi. Pwani unafika na mawimbi. Huku juu unaleta ukungu na manyunyu, na usiku ambao mawingu yamefunguka ardhi inapoteza joto lake upesi. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani, mweupe kabisa. Wakulima wa viazi wanaujua uchungu wake, sina haja ya kuwasimulia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa msimu mzima, kisha hutoa tahadhari za siku tano zenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Wengi mmeshazoea kusikia redioni “upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2”. Sisi wa milimani tunasikia tukapita. Mvuvi wa Mafia hapiti, kwake maneno hayo ni amri ya kuvuta chombo pwani. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ikazama karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka. Ila baharini angalau kuna bandari, na bandari inaweza kukizuia chombo kisitoke. Jiko lako saa tatu usiku nani atalizuia lisivuke kizingiti cha chumba?

Mchukueni mlinzi wa usiku. Kibanda chake ni cha mabati, kina mlango mmoja na hakina dirisha. Anawasha mkaa nje, anaupepea, anasubiri moshi uishe. Mkaa ukishakolea, mwekundu, hautoi moshi wala harufu, anauingiza ndani, anafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa gunia. Si mzembe huyu. Amesubiri kwa sababu anajua moshi ni mbaya. Kwa bahati mbaya kinachoua hakikuondoka na moshi. Ni hewa inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa mwekundu unaitoa muda wote, na ukianza kufunikwa na majivu huku hewa safi ya mle ndani inapungua, inazidi. Ukiivuta inashikana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini mzigo iliobeba si ule mwili unaoungoja.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Sasa niambieni, mtu wa hapa akijisikia hivyo anasema nini? (Ukumbi: “Malaria!”) Enhe. Anameza dawa mbili, anajifunika blanketi gubigubi, analala palepale pembeni ya jiko. Na aliyekwisha lala hata hizo dalili hazimwamshi.

Kuna mzee ameniwahi mlangoni, akaniambia: “Mwanangu, sisi tumelala na moto katikati ya nyumba tangu utoto, mbona tupo?” Ni swali la haki na sitalikwepa. Nyumba ile, mzee wangu, ilikuwa ya nyasi. Moshi ulipenya juu kwenye paa, upepo uliingia pale ukuta ulipoachana na paa, na mlango wenyewe haukufunga sawasawa. Mlikohoa, macho yalivimba, ila hewa ilipita. Mjukuu wako leo kajenga kwa tofali za kuchoma, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu yanayobana hadi sauti ya gari barabarani huisikii. Tumejenga vizuri, kisha tukaingiza moto uleule ndani ya nyumba isiyovuja. Chumba cha vifaranga chenye chungu cha mkaa nacho ni hivyohivyo, hasa kwa anayelala humo ili kuwaangalia.

Msidhani ni ujinga wa watu wa kijijini. Februari 2021, baridi kali na theluji viliipiga Texas, Marekani, jimbo ambalo wanaishi pia ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi. Onyo la dhoruba lilitolewa kwa wilaya zote 254 za jimbo lile. Umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na hapo wakawasha majiko ya kuchomea nyama sebuleni, jenereta ndani, magari ndani ya gereji iliyofungwa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Wengi wao waliuawa na baridi yenyewe, hilo nalikiri, lakini wamo waliouawa na hewa hii ndani ya nyumba zao. Onyo la theluji liliwafikia. La moto halikufika kwa nguvu ileile.

Kwa hiyo, jiko la mkaa lisilale na mtu. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukipikia ndani, acha mlango wazi, na kabla ya kulala litoe nje kabisa, hata kama makaa yamefifia. Joto litafute kwenye nguo za tabaka, soksi, kofia ya mtoto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango kwanza, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayasaidii kitu hapa, msipoteze muda kuyatafuta.

Madereva, kwenye ukungu washeni taa za chini. Fulu inagonga ukungu na kukurudia machoni.

Ombi langu la mwisho ni kwa watangazaji wa redio zetu na wenye vipaza sauti vya misikiti na makanisa. Mkisoma utabiri wa baridi jioni, ongezeni sentensi moja tu: jiko nje kabla ya kulala. Isomwe saa moja usiku, watu wakiwa bado wanapepea.

Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Naomba walinzi waanze, zamu yao imekaribia.