Glare hudai at: kitenzi cha jicho kali

Ndugu walimu na wanafunzi, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, maana bado limejaa kwenye madaftari: "He glared me." Hapana! Glare, yaani kutazama kwa jicho la hasira, hakimshiki mtu moja kwa moja. Andikeni "He glared at me."

Chanzo cha kosa ni Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "alinikodolea macho". Anayetazamwa ni ile -ni-, imeshapachikwa ndani ya kitenzi, na kiambishi cha kutendea, ile -le- ya kodolea, ndicho kinachoelekeza jicho kwake. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kazi yake yote inabebwa na at, na ukiiacha, jicho halina pa kutua. Hata katika kauli ya kutendwa haidondoki: "nilikodolewa macho" ni "I was glared at". Sentensi inaishia na at, iacheni iishie hapo.

Kosa pacha ni "He glared his eyes at me." Kiswahili lazima kitaje macho, glare imeshayameza, pamoja na hasira. Ndiyo maana kuongeza "angrily" mara nyingi ni kujaza maneno tu. Mfasiri naye aangalie upande wa pili: aliyeshangaa pia hukodoa macho, kwa hiyo "alimkodolea macho" peke yake haitoshi. Weka "kwa hasira", au sema "alimtazama kwa jicho kali".

Mtaniambia kamusi zinaonyesha glare ikiwa na shamirisho, yaani jina linalopokea kitendo moja kwa moja. Kweli, kama "She glared hatred at him." Lakini tazameni shamirisho lenyewe: ni chuki, si mtu. Mtu bado yuko palepale, baada ya at.

Maneno mengine ya jirani niyapitie haraka. Stare ni kukazia macho tu, hasira si lazima. Scowl ni ya uso: kukunja ndita, hata kama humtazami mtu. Glower ni jicho la kinyongo, la kununa, linalodumu. Itamkeni ilingane na flower, si na low. Na jamani, "a glaring mistake" si kosa lenye hasira! Glare tangu zamani ni mwanga mkali unaoumiza macho, na bado hutumika kwa jua na kwa kioo cha kompyuta. Kosa la namna hiyo ni lile lililo wazi mno, asiyeliona hayupo.