Bert Shepard Hakupangwa kwa Huruma

Mnanijua, ndugu zangu. Kila nikipewa nafasi ya kusema nalirudia hili, na leo nalirudia tena: acheni kusema Bert Shepard, mrushaji mpira wa besiboli wa Marekani, alipangwa mchezoni kwa huruma.

Hebu wewe kijana wa mbele, unayeandika kwa mkono wa kushoto, simama. Jifanye unarusha mpira kwa nguvu zako zote. Rudia, polepole. Mmemwona? Amejisukuma kwa mguu wa kushoto, kisha uzito wote ukaangukia mguu wa kulia. Asante, kaa. Shepard naye alikuwa mashoto. Mguu wake wa kulia, kuanzia chini ya goti, ulikuwa wa bandia. Kwa hiyo kila alipourusha mpira, mwili mzima ulitua juu ya kile chuma. Kila mpira!

Mguu huo aliupoteza baada ya kutunguliwa Ujerumani, Mei 21, 1944, akirusha ndege ya kivita ya P-38. Mfungwa mwenzake kutoka Kanada, Don Errey, alimuundia mguu kwa vyuma chakavu, naye akaanza kujifunza upya kurusha mpira humohumo kambini. Mwaka 1945 alirudishwa Marekani kwa kubadilishana wafungwa. Naibu waziri wa vita, Robert Patterson, alipomuuliza anataka kufanya nini, alijibu kwamba anataka kucheza besiboli. Patterson akampigia simu Clark Griffith, mwenye timu ya Washington Senators.

Hapo ndipo wanaponidaka: “Si umeona, simu ya mkubwa!” Sawa, simu ilimfikisha mazoezini. Lakini Agosti 4, 1945, aliyesimama pale kwenye kituta cha kurushia mpira ni yeye, peke yake.

Siku hiyo Boston Red Sox walikuwa wanaichakaza Washington. Katika zamu ya nne peke yake, kati ya zamu tisa za mchezo, walipata mbio 12, yaani pointi 12, na warushaji waliopigwa hivyo walikuwa na miguu yao miwili. Wapigaji wawili wametolewa, bado mmoja zamu iishe, na vituo vyote vitatu vina watu wa Boston wanaongoja kupata mbio. Shepard akaitwa. Akamtoa mpigaji Catfish Metkovich kwa straiki tatu, yaani mara tatu alishindwa kuupiga mpira, zamu ikaisha. Kisha akarusha zamu tano nyingine hadi mwisho wa mchezo. Kwa muda wote huo Boston walipata hiti 3, yaani mipigo safi iliyowafikisha kituoni, na mbio 1 tu. Washington walifungwa 15 kwa 4, lakini deni hilo si lake.

Mtaniambia wakali wote walikuwa vitani. Kweli, wale wapigaji nyota: Ted Williams hakuwepo, DiMaggio hakuwepo. Lakini wapigaji waliomkabili Shepard ndio walewale waliotoka kuvuna mbio 12 muda mfupi uliopita! Mbona kwa warushaji wengine hatuulizi nani hakuwepo?

Na sasa nisikilizeni vizuri. Baada ya siku ile hakupangwa tena katika mechi ya ligi kuu. Hata moja. Msimu ule Washington walikuwa wanaufukuzia ubingwa, wakamaliza mchezo mmoja na nusu nyuma ya timu ya Detroit. Kama ingekuwa huruma, si angalau wangempa mechi ya pili? Agosti 31 walimwita uwanjani mbele ya umati, wakamvika medali zake za vita. Medali walimpa. Mpira hawakumpa. Mimi hilo linaniuma mpaka leo, maana nawajua vijana wengi wanaopigiwa makofi hivyohivyo kisha wanarudishwa benchi.

Muda umeniishia, naona mwenyekiti ananitazama. Nilitaka kueleza alivyokuja kuwa bingwa wa gofu wa Marekani wa watu waliokatwa viungo, mara mbili. Niacheni nimalizie na daktari tu. Siku ile alipoanguka na ndege, wakulima wenye hasira walitaka kumuua hapohapo. Daktari wa jeshi la anga la Wajerumani, Ladislaus Loidl, mzaliwa wa Austria, akawazuia, akampeleka hospitali. Shepard hakuona lolote, alikuwa amezirai. Walikuja kupeana mikono huko Austria mwaka 1993, wote wawili wazee.