Nani Asimulie Hadithi Yako? Namna ya Kuchagua Nafsi ya Msimulizi

Karibuni sana. Leo tunachagua msimulizi, tena kwa vitendo, kwa hiyo shika daftari.

Mfano wetu wa kubuni uko Nanyamba, hapa Mtwara. Korosho zimeanza kudondoka, mnada bado, na mtoto anadaiwa sare ya shule. Usiku Somoe anatoka na gunia moja, anaenda kuliuza kwa kangomba, yaani mnunuzi wa kichochoroni asiye rasmi, bei ya kutupa. Mumewe, Hamisi, amelala.

Hatua ya kwanza: orodhesha waliomo kwenye tukio, na mbele ya kila jina andika anachokijua na asichokijua. Somoe anajua gunia limekwenda wapi. Hamisi hajui. Mnunuzi anajua kwamba mama huyu ana shida, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Hatua ya pili: andika tukio lilelile kwa sauti mbili. Tazama ubaoni. Somoe anasema:

"Mnunuzi alijaza kopo mpaka korosho zikafanya kichuguu, akaandika kilo moja. Nilinyamaza."

Sasa Hamisi:

"Asubuhi nilihesabu magunia. Moja halipo. Somoe alikuwa anafagia uwanja aliokwisha kuufagia."

Zote ni nafsi ya kwanza, lakini kwa Somoe tumo ndani ya aibu, kwa Hamisi tumo ndani ya shaka. Na angalia sana: Hamisi hawezi kusema "Somoe aliona aibu." Yeye kaona ufagio tu. Hadithi nyingi nzuri huharibikia hapa, mwandishi anapomkopesha msimulizi macho yasiyo yake. Wengi watamchagua Somoe kwa kuwa ndiye mwenye siri. Mimi namchagua Hamisi, maana msomaji atagundua pamoja naye, hatua kwa hatua.

Hatua ya tatu: jaribu nafsi ya tatu. Unaweza kumfuata mtu mmoja tu, au ukatumia msimulizi maizi, anayejua ya moyoni mwa kila mtu. Maizi anafaa ukitaka kijiji kizima, na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na mnada wenyewe. Kwa hadithi fupi, baki na mtu mmoja. Ukitaka kuhamia kwa mwingine, subiri sehemu mpya ianze, usihame katikati ya aya. Halafu chunga viambishi: "Alimtazama, akajua amemdanganya." Nani kamdanganya nani? Rudisha jina.

Nafsi ya pili, "unashusha gunia, unatazama nyuma," inapendeza kwa ukurasa mmoja au miwili. Ikirefuka inachosha.

Hatua ya nne: soma kwa sauti, upigie mstari kila sentensi ambayo msimulizi wako asingeweza kuijua. Ifute, au mpe njia ya kujua: nyayo mchangani, neno la jirani, sare mpya kwenye kamba ya nguo.

Sasa simamisha video. Andika asubuhi ile kwa sauti ya Hamisi, ila safari hii ameshajua kila kitu na ameamua kutouliza. Nusu ukurasa inatosha.