Tiki ya "Ndiyo": tunauliza nini tunapouliza kuhusu hedhi

Asanteni jamani, kaeni. Kaka zangu naona mmejaza viti vya nyuma kule karibu na mlango, naomba msogee huku mbele, sijaja kuongea na akina dada peke yao. Mkimaliza hapa chuo cha ualimu mnapangiwa shule, na wapo mtakaofika kijijini mkute shule nzima haina mwalimu wa kike hata mmoja, binti wa darasa la sita anasimama kujibu swali sketi imelowa nyuma, na mtu mzima aliye karibu naye ni wewe. Ndo maana nawataka mbele.

Mimi nimefanya kazi ya udodosaji miaka mingi, yule mtu anayekuja nyumbani kwenu na kishikwambi na kitambulisho shingoni anauliza mna vyumba vingapi, mnapikia nini, ndo mimi. Na katika madodoso hayo siku hizi kuna maswali ya hedhi, hata zile tafiti kubwa za kaya ambazo UNICEF inasaidia nchi nyingi zimeyaweka: unatumia nini ukiwa kwenye siku zako, ulipata sehemu ya faragha ya kujisafisha na kubadilisha nyumbani, kuna shughuli au shule au kazi ulikosa kwa sababu ya hedhi yako ya mwisho. Ni hatua kubwa, msiidharau, kwa sababu miaka ya nyuma unaweza kusoma ripoti ya afya kurasa mia tatu, malaria ipo, chanjo ipo, kitu kinachowatokea wanawake na wasichana wengi kila mwezi hakipo.

Sasa nataka niwapeleke Handeni, mkoani Tanga. Kijiji sikitaji. Binti ana miaka 14, tumekaa chini ya mwembe, mama yake nimemuomba asogee kwa sababu ya faragha, akasogea kama hatua kumi hivi akakaa barazani anapukuchua mahindi. Nikafika kwenye swali, kabla hujavunja ungo ulishawahi kusikia habari za hedhi? Akasema ndiyo. Nikaweka tiki. Swali linalofuata ulisikia kwa nani, akasema kwa bibi, nikaweka tiki. Tukamaliza, nikafunga kishikwambi, lakini kuna namna alivyosema ile ndiyo haikunikaa vizuri, nikamuuliza tu kama dada yake, bibi alikwambiaje? Akawa anachorachora chini kwa kijiti. Akasema bibi aliniambia ukishaona damu, mvulana akikugusa unapata mimba. Nikamuuliza damu yenyewe inatoka wapi, akasema ni uchafu wa mwezi mzima unajikusanya tumboni halafu unatoka. Na siku ya kwanza ilikuwaje? Akasema nilidhani nimekatwa na kitu shambani, nikaenda chooni nikajiosha, ikarudi, nikajiosha tena, ikarudi, nikajua nakufa.

Huyo kwenye takwimu yupo upande wa waliojua. Tiki yake ipo.

Mnielewe, bibi simlaumu. Sisi watu wa pwani na wenzetu wa kusini tuna mfumo wetu, mama hasemi haya na mwanawe wa kumzaa, kuna kungwi, kuna somo, yaani mwanamke wa kumfunda binti, mwali anawekwa ndani anafundwa, na ndani ya unyago kuna mambo mengi ya usafi yanafundishwa vizuri kabisa, jinsi ya kufunga kitambaa, jinsi ya kufua, wapi pa kuanika. Ila mambo mawili. La kwanza, mwali anafundwa akishavunja ungo, yaani damu inatangulia maneno. La pili, familia nyingi zimehamia mjini, kungwi wamemwacha kijijini na mama hakuchukua nafasi yake, kwa hiyo pale katikati pamebaki wazi, na binti anaokota habari kwa wenzake wanaojua kidogo kama yeye.

Msidhani ni kwetu tu. Mwaka 2016 kuna watafiti walikusanya tafiti 138 zilizofanyika India, ukijumlisha wasichana wote ni 97,070, wakakuta walioambiwa chochote kabla ya kuvunja ungo ni kama nusu tu, 48%. Na mimi niliyekaa chini ya ule mwembe nikiisoma hiyo 48 najiuliza, hizo ndiyo zao zilikuwa ndiyo za aina gani.

Kwa hiyo kabla sijaendelea niwape nyie mtakaofundisha, muwe nayo kichwani: mji wa mimba kila mwezi unajitandikia ukuta laini kwa ajili ya mtoto, mimba isipotunga ule ukuta unabomoka unatoka pamoja na damu, kwa kawaida siku 3 mpaka 7, na damu yote ya siku zile kwa watu wengi ni kama vijiko 2 au 3 vya chakula. Sio uchafu wala ugonjwa. Na binti mwaka wa kwanza wa pili siku zake kuyumbayumba ni kawaida, mwili unajifunza.

Sasa mila na mitazamo. Magharibi ya Nepal kuna desturi inaitwa chhaupadi, mwanamke akiwa mwezini anatolewa nyumbani analala kwenye kibanda au zizi la ng'ombe, na watu wamekufa humo, kwa moshi wa moto waliowasha wakisikia baridi, kwa nyoka. Mahakama ya Juu ya nchi ilipiga marufuku 2005, haikutosha, 2017 bunge likapitisha sheria ya kumfunga miezi mitatu au kumtoza faini ya rupia 3,000 atakayemlazimisha mwanamke, na bado vibanda vipo, kwa sababu sheria inamkuta mama mkwe anaamini kwa moyo wake wote kwamba mkwe akibaki ndani mungu atakasirika na nyumba itapata balaa. Malawi usitie chumvi kwenye chakula, watu watakohoa wafe. Uganda sehemu nyingine usipite kwenye shamba la karanga. Na kwetu hapa usichume mboga itakauka, na kitambaa chako asikione mtu utarogwa, na hili la kitambaa ndo linaloniumiza zaidi ya yote, kwa sababu linaingia mpaka kwenye ugonjwa. Kitambaa kinatakiwa jua. Binti anakifua usiku, anakianika chini ya kitanda, au kwenye kamba ila amekifunika na kanga juu, masika haya kinakaa siku mbili bado kibichi, na anakivaa hivyohivyo kibichi, anachubuka, anawashwa, na hasemi kwa sababu akisema itabidi aseme ni kitambaa gani.

Waislamu wenzangu hapa tunajua hukumu, mwenye hedhi haswali, hafungi. Lakini ruhusa ya Mungu sisi tumeigeuza aibu, binti Ramadhani anakula amejificha nyuma ya mlango wa jiko ili kaka zake wasijue. Na Mtume, amani iwe juu yake, alipomwambia bibi Aisha ampatie mkeka kutoka msikitini, naye akasema mimi niko katika hedhi, alimjibu hedhi yako haiko mkononi mwako. Hiyo imo ndani ya Sahihi Muslim. Sasa huyu anayesema mwanamke asiguse hata kinu ameitoa wapi?

Twende kwenye utoro, maana hapa ndo namba zinagombana. Bangladesh 2013 walikwenda shule 700, wakawahoji wasichana 2,332, 41% wakasema wanakosa shule wakiwa kwenye siku zao, kwa wastani siku 2.8 kila mwezi. Nepal, wilaya ya Chitwan, watafiti wawili wa kiuchumi waligawa vikombe vya hedhi, vile vidogo laini vinavyowekwa ukeni kukinga damu, kwa nusu ya wasichana na mama zao halafu wakafuatilia mahudhurio, wakakuta kinachopotea kwa ajili ya hedhi ni kama 0.4 ya siku kwa mwaka mzima, na kikombe hakikubadilisha mahudhurio. Watu wakashangilia, wengine wakasema basi suala hili limekuzwa. Mimi naona hivi. Sehemu ni tofauti, na kipimo ni tofauti, huku umemuuliza mwenyewe anakumbuka, huku umeangalia rejista. Na rejista inasema alikuwepo. Binti alikuwepo, ndiyo, amekaa dawati la mwisho amefunga sweta kiunoni jua la saa saba, mwalimu akiuliza swali analijua jibu na hanyooshi mkono kwa sababu akinyoosha ataambiwa simama. Hiyo nayo ni tiki. Na maumivu je? Wapo wenye chango la kuwakunja kabisa, wanatapika, wanalala sakafuni, na wanachoambiwa ni vumilia ukizaa litaisha. Ana miaka 13, azae ili apone? Kuna dawa za maumivu za kawaida zinasaidia, na yule ambaye dawa hazimsaidii kila mwezi anatakiwa apelekwe kwa daktari, sio kuambiwa avumilie.

Halafu choo. Swali kwenye dodoso linasema, shule ina choo cha wasichana? Mwalimu mkuu anajibu ndiyo, na kweli kipo, nimekwenda nimekiona kwa macho yangu. Mlango una tundu pale komeo lilipokuwa. Ukitaka kuingia unakwenda na mwenzako asimame nje, na kama yuko darasani unauzuia mlango kwa mguu mmoja huku umechuchumaa, mkono mmoja pedi, mkono mmoja sketi, maji yapo kwenye pipa kule karibu na ofisi ya walimu, kwa hiyo ukitaka kunawa unakatiza uwanja mzima na kopo na kila mtu anajua unakwenda wapi. Pa kutupia hakuna, inawekwa mfukoni mpaka jioni. Nilisimama pale nikaangalia lile tundu la komeo muda mrefu. Kitu cha kununua dukani na skrubu nne.

Kuhusu pedi sitakaa sana. Kenya waliondoa kodi 2004, na 2017 wakaweka sheria kwamba serikali impe pedi bure kila binti wa shule ya umma aliyebalehe. Sisi Tanzania tuliondoa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, bajeti ya 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, maelezo yakawa bei madukani haikushuka. Pedi ni muhimu, asije mtu akaniambia nimekuja kuzipinga, na nyie msiojua gharama ya kukosa pedi sikilizeni hii: magharibi ya Kenya, wanawake na wasichana 3,418 walihojiwa, theluthi mbili ya wanaotumia pedi walisema wanazipata kwa wapenzi wao, na kati ya wasichana wa miaka 15, mmoja kati ya 10 alisema amefanya ngono kupata hela ya pedi. Mmoja kati ya kumi. Lakini Kamuli kule Uganda walijaribu shule 8 za msingi, nyingine pedi, nyingine somo la ukuaji peke yake, nyingine vyote, nyingine hakuna, na zile zilizopewa kitu, hata zile za somo tu, mahudhurio hayakuporomoka kama zile ambazo hazikupewa. Somo. Yaani maneno. Hiyo kazi ni ya kwenu.

Na maneno hayohayo yanaua. Septemba 2019 huko Bomet, Kenya, binti wa miaka 14 alichafuka darasani, ikaripotiwa kwamba mwalimu alimwita mchafu akamtoa nje, na binti akajiua. Na Februari 2023 seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti Nairobi suruali nyeupe ina doa, akaombwa atoke akabadilishe. Seneta, kwenye nyumba ya kutunga sheria. Sasa wa darasa la sita atasimama na nini?

Haya, naona mkono. Kaka wa shati la bluu.

Kaka ameuliza, yeye ni mwanaume, akifundisha haya si wazazi watasema anawataka mabinti? Swali zuri sana na ni la kweli, tusilipite. Kwanza usimwite binti peke yake, fundisha darasa zima, wavulana kwa wasichana, ndani ya somo la sayansi, mlango wazi, kwa sauti ileile unayofundishia moyo na mapafu. Ukiona aibu, nao wataona aibu. Pili kabla hujafundisha nenda kwenye kikao cha wazazi ueleze utafundisha nini, na mtafute mama mmoja mwenye heshima kijijini au kungwi mwenyewe awe na wewe, hawa ni wenzetu. Tatu boksi, pedi kadhaa na kanga moja, likae kwa dada mkuu, sio ofisini kwako, ili binti asilazimike kukuomba. Na mvulana atakayecheka usimchape, muulize amecheka nini, mwache ajibu.

Dada pale mwishoni. Anauliza yule wa Handeni ikawaje.

Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyie, mji wa mimba, ukuta, mimba inapatikanaje na haipatikani kwa nini. Alikaa kimya akaacha kuchora. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kwa hiyo yule aliyenishika mkono kisimani kunitwisha ndoo, sina mimba yake? Nikamwambia huna mwanangu. Akalia. Alikaa na hilo jambo wiki tatu, na mama yake yuko hatua kumi pale anapukuchua mahindi.