Ngoma Iliyotangulia Chama: Wanawake wa Dar es Salaam na TANU

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na wanafunzi,

Anayechunguza uhusiano wa utamaduni na siasa huvutwa kuanza na maneno ya nyimbo, kwa kuwa maneno hunukuliwa kwa urahisi. Kwa Tanganyika ya miaka ya 1950, naona tukiishia kwenye mashairi tutakosa sehemu kubwa ya habari, kwa sababu kilichoifaa siasa zaidi ni kikundi chenyewe cha ngoma: viongozi wake, michango yake, na mazoea ya kuitana na kukusanyika.

Mazoea hayo yalikuwa ya siku nyingi. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi na iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara hasa kutokana na Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa na vyama vyenye kushindana, kama Marini na Arinoti, vilivyogawa vyeo vya kijeshi na kusaidiana katika ugonjwa na misiba. Wakoloni waliitilia shaka kwamba ingeweza kuwa chombo cha siasa, na kwa kweli shaka yao haikukosa msingi.

TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika, kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, watumishi wa serikali, ambao miongoni mwao walikuwamo wasomi wengi, walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, lakini alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha Bomba, na aliwajua viongozi wa vikundi vingine vya mjini. Kama alivyomsimulia mwanahistoria Susan Geiger katika miaka ya 1980, aliwaendea viongozi hao, nao wakawaleta wanachama wao. Vikundi hivyo vilikwisha kuwachanganya wanawake wa makabila mbalimbali kwa Kiswahili, hivyo nakubaliana na Geiger kwamba hawakungoja kufundishwa utaifa na wasomi.

Baada ya uhuru mwelekeo uligeuka. Mwezi Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na serikali ikaanza kuchagua ngoma za kuliwakilisha taifa. Wengi husifu hatua hiyo, na ilistahili sifa. Ila mimi napenda tuchunguze pia mamlaka ya wanawake wale yalipungua kwa kiasi gani, pale vikundi vilivyowahi kukiletea chama wanachama vilipoanza kualikwa kutumbuiza wageni wake.